Roma Mbili za Wahafidhina wa Marekani

Mhafidhina wa Marekani anapotaka kueleza kwamba siasa za nchi yake zimeharibika, mara nyingi hurejea Roma. Dola ikipungua thamani, hutajwa sarafu za Nero. Wahamiaji wakiongezeka mpakani, hutajwa Wagothi waliovuka mto Danube. Rais akijitwalia mamlaka, hutajwa Julius Caesar na mto Rubicon. Mazoea haya yana umri sawa na Katiba ya Marekani yenyewe, na ndani yake mna mifano miwili ambayo huchanganywa: kufa kwa Jamhuri ya Roma katika karne ya kwanza kabla ya Kristo (K.K.), na kuanguka kwa dola ya Roma ya magharibi katika karne ya 5 baada ya Kristo (B.K.). Kati ya misiba hiyo miwili ilipita takriban miaka 500. Anayeuangalia msiba wa kwanza huogopa jambo moja, anayeuangalia wa pili huogopa jingine, na dawa wanazozipendekeza hazifanani.

Waasisi wa Marekani waliijenga serikali yao huku wakiitazama Roma. Jina la Seneti walilitoa huko, na jengo la Bunge likaitwa Capitol kwa kukumbuka kilima kitakatifu cha Warumi. Mwaka 1787 na 1788 Alexander Hamilton, James Madison na John Jay waliandika makala 85 za kuwashawishi wananchi waikubali Katiba mpya, zote zikiwa na saini moja ya Publius, jina la mmoja wa waanzilishi wa Jamhuri ya Roma. George Washington alipong'atuka katika ujemadari mwaka 1783 na kurudi shambani kwake, walimwengu walimfananisha na Cincinnatus, Mrumi ambaye masimulizi yanasema aliitwa kutoka kwenye jembe lake awe dikteta wakati wa vita, akashinda, akajiuzulu siku ya 16 na kurudi kulima.

Pamoja na majina hayo, waasisi walichukua nadharia. Polybius, Mgiriki aliyepelekwa Roma kama mateka mwaka 167 K.K., alieleza kwamba kila aina ya utawala huzaliwa na ugonjwa wake. Ufalme hugeuka udhalimu, utawala wa wachache walio bora hugeuka utawala wa matajiri, na utawala wa umma hugeuka vurugu, mpaka atokee mtu mmoja mwenye nguvu na mzunguko uanze upya. Roma, kwa maoni yake, iliuchelewesha ugonjwa huo kwa kuchanganya aina zote tatu: makonsuli, Seneti na mabaraza ya wananchi, kila upande ukiuzuia mwingine. John Adams alimjadili Polybius kwa kirefu katika kitabu chake juu ya katiba cha mwaka 1787. Kutoka hapo uhafidhina wa Marekani umerithi imani mbili. Ya kwanza ni kwamba katiba inaweza kufa. Ya pili ni kwamba kufa kwake huanzia kwenye tabia za watu kabla ya kuonekana katika sheria.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, imani hizo zilizaa maandishi mengi. Richard Weaver aliandika mwaka 1948 kwamba nchi za Magharibi zilianza kupotea zilipoacha kuamini ukweli usiobadilika. Russell Kirk, mwaka 1953, aliwarudishia wahafidhina ukoo wao wa fikra, na mwaka 1974 akaeleza kwamba mizizi ya utaratibu wa Marekani imo Yerusalemu, Athens, Roma na London. James Burnham, mwaka 1964, alidai kwamba nchi za Magharibi zilikuwa zikijiua zenyewe. Tarehe 6 Julai 1971 hoja hiyo iliingia Ikulu. Akiwa Kansas City, Rais Richard Nixon aliwaambia wakuu wa vyombo vya habari kwamba nguzo za majengo ya serikali mjini Washington humkumbusha magofu ya Ugiriki na Roma, ambayo kwa maelezo yake yalikuwa mabaki ya mataifa yaliyotajirika kisha yakapoteza nia ya kuishi. Hazikupita wiki sita, Nixon huyohuyo alitangaza kwamba mataifa ya nje hayatabadilishiwa tena dola zao kwa dhahabu. Kwa wahafidhina wanaoamini dhahabu, tangazo hilo la tarehe 15 Agosti limebaki kuwa mojawapo ya alama za kuporomoka kwenyewe.

Patrick Buchanan, aliyewahi kumwandikia Nixon hotuba, aliendeleza mada hiyo katika kitabu chake juu ya kifo cha Magharibi, akisisitiza uhamiaji na kupungua kwa uzazi. Victor Davis Hanson, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale na mkulima wa California, aliandika mwaka 2021 kwamba raia mwenye mali yake na sauti yake anatoweka. Mwaka 2016 Michael Anton alichapisha makala ya kuwahimiza wahafidhina wamchague Donald Trump kama hatua ya mwisho ya kuiokoa nchi, na saini aliyoitumia ni Publius Decius Mus, konsuli wa Roma aliyejitoa mhanga vitani ili jeshi lake lishinde. Kati ya saini ya Publius wa 1787 na ya Publius wa 2016 mna tofauti kubwa: wa kwanza aliitetea Katiba ikizaliwa, wa pili aliandika kana kwamba iko mahututi.

Roma inayotajwa zaidi na watu hawa ni ile ya msiba wa pili, Roma ya makaisari iliyoanguka mbele ya makabila ya kaskazini. Hoja zake kuu ni tatu: fedha, mipaka na maadili.

Katika hoja ya fedha, ushahidi wa kale ni wa wazi. Chini ya Augustus dinari ya Roma ilikuwa karibu madini ya fedha matupu. Mwaka 64 B.K. Nero aliipunguza uzito na ubora. Kufikia miaka ya 270 sarafu iliyozagaa nchini ilikuwa na madini ya fedha chini ya asilimia 5, na bei zilipanda mno. Mwaka 301 Kaisari Diocletian akatoa amri ya kuweka ukomo wa bei za bidhaa na ujira zaidi ya 1,000, na adhabu ya kuivunja ilikuwa kifo. Lactantius, mwandishi wa zama hizo, alisimulia kwamba bidhaa zilitoweka sokoni. Wahafidhina huiweka habari hii kando ya deni la taifa la Marekani, lililovuka dola trilioni 36 mwishoni mwa 2024, na kando ya riba ya deni hilo, ambayo katika mwaka wa fedha wa 2024 ilizidi bajeti ya ulinzi. Serikali kuu haijapata ziada ya bajeti tangu 2001.

Hoja hiyo ina uzito, lakini ina mipaka. Roma haikuwa na deni la taifa kwa maana ya leo. Kaisari aliyeishiwa hakuwa na hatifungani za kuuza, hivyo aliichakachua sarafu au aliwanyang'anya matajiri mali zao. Marekani hukopa kwa sarafu yake yenyewe, tena kwa wakopeshaji wanaokubali kwa hiari. Zaidi ya hayo, deni limekua chini ya marais wa vyama vyote viwili, na sheria za kupunguza kodi za 1981, 2001 na 2017, zilizosukumwa na marais wa Republican, zimechangia. Gharama kubwa zaidi ni pensheni na matibabu ya wazee, ambayo wapiga kura wahafidhina nao huyategemea. Kwa sababu hiyo wanasiasa wao jukwaani huulaani mkate wa bure waliogawiwa Warumi, na kisha huahidi kutoigusa pensheni.

Hoja ya mipaka husimama juu ya mwaka 376, Kaisari Valens alipowaruhusu Wagothi waliokuwa wakikimbia vita kuvuka Danube na kuingia katika dola. Miaka miwili baadaye Wagothi haohao walimuua Valens na kuliangamiza jeshi lake karibu na Adrianople, mji ambao leo ni Edirne, Uturuki. Mwaka 410 Alaric aliipora Roma yenyewe, na mwaka 476 kaisari wa mwisho wa magharibi akaondolewa. Wanaopinga uhamiaji mkubwa huona hapo onyo, na huulaumu mwaka 1965, Bunge la Marekani lilipofuta utaratibu wa kugawa nafasi za wahamiaji kwa asili ya taifa. Lakini kisa kamili kina sehemu nyingine. Wagothi waliasi baada ya maofisa wa Roma kuwaibia chakula walichopangiwa na kuwauzia nyama ya mbwa kwa bei ya watoto wao, waliochukuliwa utumwani. Tena nguvu ya Roma kwa karne nyingi ilitokana na kuwapa wageni uraia. Kaisari Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo, na mwaka 212 mwanawe Caracalla aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola. Kwa hiyo kisa kilekile kinaweza kuwa hoja dhidi ya kufungua mpaka, na pia hoja dhidi ya serikali inayowapokea watu bila mpango wala uaminifu.

Hoja ya maadili ndiyo ya zamani kuliko zote, na ndiyo dhaifu zaidi kwa tarehe zake. Augustus alitunga sheria za kuhimiza ndoa na uzazi mwaka 18 K.K. na tena mwaka 9 B.K. Mwanahistoria Cassius Dio anaeleza kwamba makonsuli wawili ambao sheria hiyo ya pili ilipewa majina yao hawakuwa na mke wala mtoto. Livy naye, akiandika wakati wa Augustus, alilalamika kwamba Warumi wa siku zake hawakuweza kuvumilia maovu yao wala dawa ya maovu hayo. Baada ya malalamiko hayo dola iliendelea kukua kwa zaidi ya miaka 100, na upande wa magharibi ulidumu karibu miaka 500. Uzazi wa Marekani kweli umeshuka hadi takriban watoto 1.6 kwa kila mwanamke, na athari zake kwa pensheni na jeshi ni suala halisi. Roma, hata hivyo, haithibitishi kwamba taifa linalolalamikia maadili yake liko karibu kuanguka.

Roma ya msiba wa kwanza inafanana zaidi na siasa za Marekani ya leo. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kupitia tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ambayo tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963. Tamthilia hiyo inaanzia karibu na mwisho wa mambo. Mwanzo wa mambo hayo ulikuwa takriban miaka 90 kabla, mwaka 133 K.K., ambapo Tiberius Gracchus, tribuni (yaani mtetezi) wa umma, alitaka maskini wagawiwe ardhi ya umma. Alipitisha sheria yake bila kuishauri Seneti, akamwondoa madarakani tribuni mwenzake aliyeipinga kwa kura ya turufu, kisha akagombea tena kinyume cha mila. Maseneta waliodai kuilinda mila hiyo wakamuua kwa vipande vya viti na magongo, pamoja na wafuasi wake takriban 300. Tangu siku hiyo kila upande ulikuwa na kosa la mwenzake la kulitaja, na kila kosa likawa ruhusa ya kosa lililofuata.

Kilichofuata kinasomeka kama orodha ya mambo ambayo wahafidhina wa Marekani huyalalamikia nyumbani. Cato Mdogo alizungumza Seneti mpaka jua likatua ili muswada usipigiwe kura. Mwaka 59 K.K. konsuli Bibulus alijifungia nyumbani na kutangaza kwamba anasoma ishara za mbinguni, ili kila hatua ya mwenzake Caesar iwe batili. Caesar alimpuuza na kuendelea. Marekani ina hotuba zake ndefu za kuzuia miswada katika Seneti. Ina serikali inayofungwa kwa kukosa bajeti, kama ilivyofungwa kwa siku 35 mwaka 2018 na 2019, na ina marais wanaotumia amri zao wenyewe pale Bunge linapokwama. Bunge hilo ndilo lenye mamlaka ya kutangaza vita, lakini halijatangaza vita vyovyote tangu 1942. Vita vya Korea, Vietnam, Afghanistan na Iraq vyote vilipiganwa bila tangazo hilo.

Sallust, mwanahistoria aliyekuwa mfuasi wa Caesar, aliona chanzo cha ugomvi wa Warumi katika mwaka 146 K.K., Karthago ilipoharibiwa. Adui wa nje alipotoweka, hofu iliyowaunganisha ilitoweka pia, wakaanza kunyang'anyana wao kwa wao. Wahafidhina kadhaa wameuona mwaka 1991, Muungano wa Kisovieti uliposambaratika, kwa jicho hilohilo. Ukomunisti ndio uliowaweka pamoja waumini wa dini, wafanyabiashara wa soko huria na watetezi wa jeshi imara. Ulipoondoka, kila kundi lilianza kuwatazama wenzake kwa mashaka.

Hapo ndipo kambi zinapogawanyika juu ya nani ni Caesar. Kwa mujibu wa Suetonius, Caesar alivuka Rubicon na jeshi lake mwezi Januari 49 K.K. akijua kwamba akirudi Roma bila wadhifa maadui zake watamshtaki mahakamani. Wahafidhina wanaomuunga mkono Trump huyaona mashtaka manne ya jinai aliyofunguliwa mwaka 2023 kwa mtazamo huo: wapinzani ndio waliovunja mwiko wa kumshtaki aliyekuwa kiongozi. Wahafidhina wanaompinga, wakiwemo waliokuwa wabunge wa Republican kama Liz Cheney, huutazama uvamizi wa Capitol wa tarehe 6 Januari 2021 na kuona umati ukitumiwa dhidi ya Bunge. Risasi iliyomjeruhi Trump huko Butler, Pennsylvania, tarehe 13 Julai 2024 iliwapa wote sababu ya kuikumbuka karne ya mauaji ya kisiasa iliyoanza na Gracchus.

Mtu ambaye historia yake inawahusu wahafidhina kuliko Caesar ni Lucius Cornelius Sulla. Caesar alikuwa mwanasiasa wa umma. Sulla ndiye aliyetaka kurudisha utaratibu wa kale. Mwaka 88 K.K. aliliongoza jeshi kuingia Roma, jambo ambalo hakuna jemadari wa Roma aliyekuwa amelifanya, na maofisa wake wote isipokuwa mmoja walikataa kumfuata. Mwaka 82 K.K. alirudi kwa nguvu, akawa dikteta, akabandika orodha za watu wa kuuawa na kutaifishiwa mali. Kisha akatunga sheria ambazo mhafidhina wa Roma angezifurahia: Seneti iliongezewa wajumbe na mamlaka, nguvu za matribuni zilikatwa, na ngazi za vyeo zilipangwa upya. Kazi ilipokwisha alijiuzulu, akafariki mwaka 78 K.K. akiwa raia. Sheria zake juu ya matribuni zilifutwa mwaka 70 K.K., na waliozifuta walikuwa Pompey na Crassus, majemadari waliopigana upande wake. Kilichodumu ni mfano aliouacha. Cicero alieleza katika barua zake kwamba Pompey alijiuliza, kama Sulla aliweza, kwa nini yeye asiweze. Kwa wahafidhina wanaodai kwamba nchi haiwezi kuokolewa isipokuwa kwa mkono wa mtu mmoja usiofungwa na sheria, Sulla ni jaribio lililokwisha kufanywa, na matokeo yake yanajulikana.

Katika mambo ya nje, Athens nayo hutajwa. Mwaka 415 K.K. wananchi wa Athens walipiga kura kupeleka jeshi kubwa Sicily, na miaka miwili baadaye karibu jeshi lote lilikuwa limeangamia. Wahafidhina wa mkondo wa Buchanan, aliyeandika mwaka 1999 kwamba Marekani ni jamhuri na haipaswi kuwa himaya, waliutumia mfano wa aina hiyo kuvipinga vita vya Iraq vya 2003. Waliovianzisha vita hivyo nao walikuwa wahafidhina. Ugomvi huo wa ndugu umefika Afrika Mashariki. Mwaka 2003 Rais George W. Bush alianzisha mpango wa PEPFAR, ambao umegharimia dawa za Ukimwi kwa wagonjwa wengi Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2025 serikali ya Trump ililivunja shirika la misaada la USAID kwa hoja kwamba fedha za Wamarekani zitumike kwao kwanza. Maamuzi yote mawili yalitoka katika chama kimoja.

Mifano ya kale ina hatari zake. Maneno yanayodaiwa kuwa ya Cicero kuhusu kusawazisha bajeti na kupunguza misaada kwa wageni yamesambazwa sana Marekani. Kwa kweli yalitungwa na Taylor Caldwell katika riwaya yake ya mwaka 1965. Maneno juu ya demokrasia kuanguka pale wananchi wanapogundua kwamba wanaweza kujipigia kura ya fedha za hazina hunasibishwa na Alexander Fraser Tytler wa Scotland, ila katika vitabu vyake hayaonekani. Mwaka 1984 mwanahistoria Mjerumani Alexander Demandt alikusanya sababu 210 ambazo wataalamu walikuwa wamezitoa kueleza kuanguka kwa Roma. Katika orodha ndefu namna hiyo kila mwenye hoja hupata ya kwake. Upande wa mashariki wa dola, wenye dini ileile na sheria zilezile, uliendelea kuwapo mpaka 1453. Tofauti nyingine ni za msingi: uchumi wa Roma ulitegemea utumwa, majeshi yake yaliwategemea majemadari kwa mashamba ya kustaafia, na raia wa mbali hawakuweza kupiga kura bila kusafiri hadi mjini Roma.

Hata hivyo funzo moja halitegemei ufanano wa uchumi wala wa majeshi. Mwaka 27 K.K. Augustus alitangaza kwamba ameirudisha jamhuri kwa Seneti na watu wa Roma. Vyeo vikuu vya jamhuri hakuvifuta. Seneti iliendelea kukutana kwa karne nyingi, na makonsuli waliendelea kuteuliwa hadi mwaka 541 B.K. Kwa hiyo kuwapo kwa Bunge, mahakama na uchaguzi si ushahidi wa kutosha kwamba jamhuri ni hai. Vipimo vya maana ni vitatu: aliyeshindwa anakubali kushindwa, mwenye madaraka anaondoka muda wake unapokwisha, na Bunge linashika kweli mkoba wa fedha na uamuzi wa vita. Kwa vipimo hivyo Marekani ilimkabidhi rais mpya madaraka mwaka 2021 baada ya ghasia, na tena mwaka 2025 bila ghasia. Katika kipimo cha tatu imekuwa ikirudi nyuma kwa miongo mingi, chini ya wahafidhina na wapinzani wao vilevile.